Karatasi isiyomalizwa: mwongozo kamili wa kumsaidia mama kwa sanaa anapojipoteza baada ya kuzaa, hasa mwenye ADHD au usonji

Kuna mama alikuja kwenye kikundi chetu na mtoto wa miezi minne, akakaa, akachukua krayoni ya bluu akaanza duara, mtoto akalia. Akainuka. Akarudi akaongeza kama sentimita tatu hivi, mtoto akalia tena. Mpaka muda unaisha karatasi yake ilikuwa na nusu duara na kamkia, na alikuwa ameomba msamaha mara nane, nilihesabu. Samahani nimechelewa, samahani kelele za mtoto, samahani nimeangusha krayoni, samahani sijamaliza. Wakati anaondoka akaikunja ile karatasi ndogooo akaitia mfukoni kama mtu anayeficha kitu.

Ile nusu duara ndo ilinifanya nibadilishe karibu kila kitu ninachofanya na akina mama. Mi mwenyewe nina ADHD, yani ubongo unaopata shida kutulia na kushikilia umakini, niligundulika nikiwa tayari nalea, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiendesha vikundi vidogo vya sanaa vya akina mama ambao ubongo wao unafanya kazi tofauti, wenye ADHD, usonji (autism, ubongo unaopokea kelele, mguso na watu kwa namna yake), disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), na wengine hawana jina lolote la daktari ila wanajijua. Sio daktari na sio mtaalamu wa tiba ya sanaa. Ninachokupa hapa ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kumsaidia mama wa namna hiyo, uwe rafiki, dada, mume, mkunga, au mwenye kikundi, na mama mwenyewe pia anaweza kukifuata peke yake nyumbani. Kama kuna jambo moja nataka ulibebe humu ndani ni hili: tafuta sanaa inayokubali kukatizwa, mengine yote ni kupanga vitu mezani.

Kwanza elewa kinachomtokea

Kuna mambo mawili yanatokea kwa pamoja na watu huyachanganya.

La kwanza linampata kila mama. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, alikipa kipindi cha mwanamke kugeuka mama jina lake, matresensi, kwa mfano wa ule umri wa kubalehe. Ukilifikiria hivo linaeleweka haraka: kijana anayebalehe mwili unabadilika, hisia zinapanda na kushuka, hajui yeye ni nani, na wote tunasema mwache anakua. Mama anapitia kitu cha aina hiyohiyo afu anaambiwa afurahi. Na sio mawazo tu, utafiti uliotoka mwishoni mwa 2016 ulipiga picha za ubongo wa wanawake kabla na baada ya mimba yao ya kwanza ukakuta sehemu za ubongo zinazohusika na kuwasoma watu wengine zimebadilika umbo, na mabadiliko yalikuwepo bado miaka miwili baadaye. Kwa hiyo mama akikwambia "sijijui tena" anaripoti kitu halisi.

La pili ni la huyu mwenye ubongo tofauti. Kabla ya mtoto alikuwa na mbinu zake za kuishi, hata kama hakuwahi kuziita mbinu: kulala vya kutosha, kimya, kukaa peke yake saa moja akitoka kazini, nguo za kitambaa anachokivumilia, ratiba isiyobadilika, au kinyume chake, uhuru wa kuruka toka kazi moja kwenda nyingine usiku wa manane. Mtoto anachukua vyote ndani ya wiki moja. Juu ya hapo estrojeni, homoni ya kike, inashuka ghafla baada ya kujifungua, na estrojeni inasaidiana na dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hamu na umakini, ileile ambayo kwa mtu wa ADHD ilishakuwa na shida. Yani kilichokuwa kimefichika kinatoka hadharani, na yeye anadhani ameharibika au ni mama mbaya.

Wengi wanajigundua kupitia mtoto. Mtoto anapelekwa kupimwa, daktari anauliza maswali, na mama kwenye kiti anasikia anaelezwa yeye. ADHD inarithiwa kwa kiwango kikubwa, usonji pia. Na ukijiuliza mbona hakujulikana akiwa msichana, kumbuka kwamba kitabu cha uainishaji wa magonjwa ya akili kinachotumika Marekani hakikuruhusu mtu mmoja kupewa usonji na ADHD kwa pamoja mpaka toleo la 2013, na picha ya kichwani ya watu wengi ilikuwa mtoto wa kiume anayerukaruka. Msichana mkimya anayeota mchana darasani hakuonekana.

Kwa nini sanaa, sio mazungumzo tu

Kwa sababu mazungumzo yanamtaka afanye kile ambacho ndo kimemchosha. Watu wengi wenye usonji, na baadhi wa ADHD, wana kitu kinaitwa aleksithimia, ugumu wa kutambua na kutaja hisia zao wenyewe. Ukimuuliza "unajisikiaje" unamwona anatafuta, anatafuta, afu anakupa jibu analodhani unalitaka. Lakini mpe rangi umwambie chagua moja ya leo, mkono unaenda wenyewe.

Na mwili unaitikia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Marekani walichukua watu wazima 39, wakawapa dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika, wakawapima mate kabla na baada, na kwa karibu robo tatu yao kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka. Waliowahi kufanya sanaa na wasiowahi, hakukuwa na tofauti ya maana. Hiyo sehemu ya mwisho huwa naisema kwa sauti kwa kila mama anayeniambia "mi sijui kuchora".

Kuimba nako kumo. Uingereza walifuatilia akina mama 134 wenye dalili za sonona (depression, huzuni nzito isiyoondoka) baada ya kujifungua, utafiti ukatoka 2018, na waliokuwa na dalili kali kidogo au kali sana walipata nafuu haraka zaidi wakiwa kwenye kikundi cha kuimba cha wiki kumi kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Kwa hiyo usijifunge kwenye kuchora peke yake.

Hatua ya 1: Jua mpaka wako kabla hujanunua hata penseli

Hii watu huiweka mwisho, mi naiweka mwanzo. Machozi na kuyumbayumba kwa siku kadhaa baada ya kujifungua ni kawaida na hupita ndani ya wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, au akipoteza hamu ya kila kitu, hataki kula, hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, anajilaumu bila kupumzika, hiyo huenda ni sonona na anahitaji mhudumu wa afya, sanaa ikiwa pembeni yake. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wanapata tatizo la afya ya akili, zaidi ikiwa sonona, kwa hiyo kwenye kikundi cha mama nane usishangae kumkuta mmoja.

Akianza kusikia sauti, kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, kuongea bila kupumua siku nzima bila usingizi, au akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura ya leo. Usimwache peke yake, usisubiri kipindi kijacho, apelekwe hospitali sasa hivi. Andika kabisa kwenye karatasi ukutani nani anapigiwa simu, kwa sababu ukiwa umeshtuka hutakumbuka.

Na picha ya kutisha peke yake sio dalili ya hatari. Mama akichora kila kitu cheusi huenda alipenda tu mkaa unavyosugua karatasi. Muulize yeye, usiiulize picha.

Hatua ya 2: Uliza mwili wake kwanza

Siku mbili tatu kabla ya kukutana mtumie maswali machache kwa meseji, sio kwa simu, wengi simu inawatesa. Usimuulize utambuzi wa daktari, sio kazi yako na wengine hawajapimwa. Muulize hivi: kuna kitu mikono yako haipendi kukishika? Harufu gani inakukera? Taa kali inakuumiza? Unapenda kukaa karibu na mlango? Mtoto atakuja naye? Nikuelekeze kwa maneno, kwa maandishi au kwa mfano?

Majibu yatakushangaza. Nimekuwa na mama ambaye chaki kavu ilikuwa inamsisimua meno mpaka anatetemeka, na mwingine ambaye hakuna kilichomtuliza kama kutia vidole kwenye udongo baridi wa mfinyanzi. Ningewawekea wote chaki ningempoteza mmoja siku ya kwanza.

Mjulishe pia kitakachotokea. Tuma picha ya chumba, picha ya mlango wa kuingilia, sema choo kiko wapi, watu wangapi watakuwepo, na kwamba hatalazimika kujitambulisha. Mtu wa usonji akijua mlango ukoje ameshapunguziwa nusu ya safari.

Hatua ya 3: Meza

Weka vitu vichache. Meza iliyojaa rangi hamsini inapendeza kwenye picha ila kwa mtu wa ADHD ni maamuzi hamsini, na atachoka kabla hajaanza. Mi naweka aina tatu za vifaa, rangi sita, karatasi za saizi mbili, basi, vingine vinakaa kwenye boksi lenye kifuniko na anayetaka anaomba.

Kuna mpangilio wa vifaa ambao ukiujua utakusaidia sana. Vifaa vinavyotii, penseli, maka peni, kukata na kubandika picha za magazeti, vinampa mtu udhibiti. Vifaa vinavyotiririka, rangi za maji, wino, udongo laini, vinafungua hisia haraka. Mama aliyezidiwa, ambaye maisha yake yote sasa hivi yanatiririka, mwanzishe na vinavyotii. Rangi za maji zije wiki ya tatu au ya nne akishakuzoea, na hata hapo mpe karatasi ndogo, maana karatasi kubwa na maji mengi vikikutana na mtu aliyeshikilia mengi, vinaweza kumfungua zaidi ya alivyotaka siku hiyo.

Kwa kuwa watoto wapo: vifaa vyote viwe vya aina isiyo na sumu, hakuna vifungo, shanga wala vitu vidogo ambavyo mtoto anaweza kumeza, hakuna gundi ya kupuliza, mkasi na kisu vikae upande wa pili wa meza. Gundi ya stiki ni bora kuliko ya maji kwa sababu inashikwa kwa mkono mmoja. Kwa ujumla jaribu kila zoezi kwa mkono mmoja kabla hujamletea, mwingine umebeba mto. Bandika karatasi mezani kwa selotepu isiyochana, hapo hata akinyonyesha anaweza kuchora.

Hatua ya 4: Muda

Tangaza saa moja na nusu, panga kazi ya dakika ishirini. Zinazobaki ni za kuchelewa, kubadilisha nepi, kukaa tu. Usimtaje anayechelewa, hata kwa utani, hata kwa kumkaribisha kwa shangwe. Kiti chake kiwepo na karatasi imeshabandikwa.

Andika hatua za siku kwenye kadi moja kubwa, tatu au nne, na michoro kidogo pembeni kwa wenye disleksia: chagua rangi, jaza duara, weka kwenye bahasha. Ukielekeza kwa mdomo peke yake, mama aliyetoka nje na mtoto akirudi amepotea na hatauliza. Taima inayoonyesha muda ukipungua kwa rangi ni nzuri sana kwa wale ambao dakika tano na dakika arobaini kwao ni kitu kimoja, ila izime mlio.

Na wewe kaa uchore pia. Mtu wa ADHD anaweza kushindwa kuanza kazi wiki nzima afu akaianza mara moja kwa sababu tu kuna mtu pembeni anafanya yake. Hamhitaji kuongea.

Hatua ya 5: Mazoezi yenyewe

Nina mazoezi mengi lakini haya ndo ninayorudia kila mara.

*Duara.* Chora duara kwa sahani kabla hajafika, yeye ajaze tu. Mistari, nukta, rangi, chochote. Kuanza kumeshafanyika, na kuanza ndo mlima wenyewe. Kurudiarudia umbo moja, nukta nukta nukta, kunatuliza ubongo uliozidiwa na wengine waliambiwa utotoni waache "kuchezacheza", kwa hiyo sema waziwazi kwamba hapa inaruhusiwa.

*Siku kwa rangi.* Mstari mmoja mrefu wa miraba, kila mraba saa moja ya jana. Aziweke rangi kulingana na kiasi cha kelele, mguso na kazi kilichomfikia, sio alivyojisikia. Kelele anaweza kuitaja, hisia labda hapana. Mara nyingi mama anaona mwenyewe kwamba kulipuka kwake kwa jioni hakukuwa kwa sababu ya kitu kidogo kilichotokea jioni, kulikuwa na miraba sita myekundu mfululizo toka saa nane mchana. Nimeona mama akiitazama hiyo karatasi muda mrefu afu akaipiga picha akamtumia mwenzie bila neno hata moja.

*Ramani ya mguso.* Hili ndo zoezi ninalolithamini kuliko yote. Chora umbo la mwili, mbele na nyuma, rahisi tu kama la mtoto. Mwambie: "Paka rangi sehemu ulizoguswa leo. Afu chukua rangi nyingine upake sehemu ambazo leo hutaki ziguswe tena. Kama kuna sehemu inayotaka kuguswa, nayo ipe rangi yake." Mama anayenyonyesha, mwenye mtoto mwingine anayemvuta sketi, mwenye ngozi inayosikia kila kitu mara mbili, hana lugha ya kusema nimeguswa kupita kiasi bila kuonekana hapendi watoto wake. Hapo inaonekana. Mmoja alipaka kifua, mapaja, shingo, nywele, vyote vyekundu, afu akatia kinukta cha kijani katikati ya mgongo, juu kidogo ya kiuno. Akasema hapo hakuna mtu amefika leo. Usiongeze chochote ukisikia kitu kama hicho. Acha kikae.

*Boksi.* Boksi la viatu au lolote dogo. Nje abandike kile watu wanachokiona, ndani kile kilichopo. Wenye usonji na ADHD wengi wameishi wakivaa sura ya "kawaida" toka utotoni, na umama unawaongezea sura nyingine juu yake, mama mpole asiyechoka. Boksi lina faida ambayo karatasi haina: lina kifuniko. Yeye ndiye anaamua kufungua, kwa nani, na lini, na usiwahi kumwomba akuonyeshe ndani. Zoezi hili linachukua wiki tatu au nne, sio siku moja, na wengine hawagusi ndani kabisa, ni sawa tu.

*Mimi wa zamani.* Hapa kuwa mwangalifu. Watu wanapenda kumpa mama karatasi mbili, wa kabla na wa sasa, na unakuwa umemlazimisha kuomboleza mbele za watu. Mi natumia karatasi inayopitisha mwanga: chini anachora au kubandika vitu alivyokuwa anavipenda kabla, juu anaweka ya sasa, na anaona cha chini kinapenya wapi. Kwa aliyegundulika ukubwani ongeza tabaka la tatu, la msichana aliyekuwa hajui. Hilo la tatu linaweza kuleta majonzi mazito, hasira pia, kwa miaka aliyoitwa mvivu au mzembe. Lisiwekwe kabla ya wiki ya tano, na usiliweke siku ambayo hutakuwa na muda wa kukaa naye baada ya wengine kuondoka.

*Kuhamu.* Dakika tatu mwishoni, sauti moja ya chini, midomo imefungwa. Asiyetaka asihamu, avae hedifoni zake. Watoto huwa wananyamaza.

Hatua ya 6: Kuongea kuhusu kazi

Hapa ndipo nilipomkosea mtu. Mwanzoni nilikuwa nazungusha: kila mtu anyanyue karatasi yake atuambie maana yake. Kuna mama alipofikiwa na zamu alinyamaza, akaangalia chini, nikamsubiri, nikadhani namheshimu kwa kumsubiri. Ukimya ukawa mrefu, wote wanamtazama. Akakusanya vitu vyake akatoka na hakurudi tena, na meseji zangu hakujibu. Nilimfanyia kilekile alichofanyiwa darasani maisha yake yote.

Tangu hapo hakuna kuzungusha. Ukikaa karibu na mama uliza kwanza: "Niseme kitu au ninyamaze?" Akiruhusu, sema unachokiona kwa macho tu: "Naona umebonyeza sana hapa." "Huu mstari umerudi mara tatu." Usitafsiri. Na pole kwa kukuondolea hili, lakini usiseme "nzuri sana". Ukisema nzuri leo, kesho atachora kwa ajili yako, na yeye ameshachoka kuishi kwa ajili ya alama za watu. Akiuliza mwenyewe "ni nzuri?" mrudishie kwa upole, wewe mwenyewe ungependa ibaki hivo au kuna kitu bado?

Hatua ya 7: Bahasha

Kila mama ana bahasha kubwa yenye alama yake. Muda ukiisha, kazi inaingia kwenye bahasha ilipofikia, na mimi naandika nyuma ya karatasi tarehe na neno moja, "inaendelea". Hata kama haitaendelea kamwe. Mtu wa ADHD ana makaburi ya vitu alivyoanza, kila kimoja kinamzomea, na mama yeyote siku yake nzima ni vitu vilivyokatizwa, kwa hiyo kumwambia "maliza nyumbani" ni kumpa deni lingine.

Akiona aibu mweleze kwamba wapo wasanii wakubwa waliofanya kazi hivohivo. Mierle Laderman Ukeles wa Marekani alijifungua 1968, na mwaka uliofuata akaandika ilani akisema kufua, kusafisha na kulea, kazi zisizoisha, nazo ni sanaa yake, afu 1973 akaenda kuosha ngazi za jumba la makumbusho huko Hartford watu wakimwona. Mary Kelly, akiwa Uingereza, alitumia miaka ya 1973 hadi 1979 kuhifadhi vitu vya malezi ya mwanawe, na London mwaka 1976 alipoonyesha vitambaa vya ndani ya nepi vikiwa na madoa yake magazeti yalimjia juu. Walichukua ukatizwaji wenyewe wakaufanya kazi.

Hatua ya 8: Nyumbani, akiwa peke yake

Trei moja, wazi, mahali anapopita. Ikiwa ndani ya droo haipo, ubongo wa ADHD usichokiona umekisahau. Kwenye trei: daftari dogo, kalamu moja, krayoni tatu. Sharti ni dakika mbili au mstari mmoja, kimoja kati ya hivyo kikitimia imetosha. Aufunge kwenye kitu ambacho tayari kinatokea kila siku, mfano mtoto akishalazwa tu kabla hajashika simu.

Tegemea kwamba kama wiki ya tatu ataacha. Upya umeisha, dopamini haiji. Mwambie mapema, siku ya kwanza, kwamba hilo litatokea, na likitokea abadilishe kifaa na sio ajilaumu: weka mkaa badala ya krayoni, geuza daftari lianze nyuma, chora kwa mkono usiouzoea. Kwa mwenye usonji inaweza kuwa kinyume, atataka kalamu ileile, karatasi ileile, duara lilelile miezi sita, na usimharakishe "ajaribu kitu kipya". Huyo ametulia.

Mwenzie au ndugu akitaka kusaidia kazi yake ni moja, kumchukua mtoto kwa dakika hizo bila kuuliza nepi ziko wapi, na asichungulie daftari.

Hatua ya 9: Utajuaje inasaidia

Usiangalie picha. Angalia kama samahani zinapungua. Angalia kama ameanza kuomba vitu, zima hiyo taa, nipe ile nyingine, leo sitaki kukaa hapa. Angalia kama anafika akiwa amechelewa na anakaa tu. Kama baada ya vipindi vinne vitano anaondoka amevunjika kuliko alivyokuja, punguza, rudi kwenye vifaa vinavyotii, na mtafutie mtaalamu.

Yule mama wa nusu duara alirudi, baada ya wiki tano. Nilikuwa nimemtumia meseji moja tu kwamba kiti chake kipo. Alitoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa, imechakaa kwenye mikunjo, tukaibandika mezani, nikaandika nyuma yake "inaendelea". Akaongeza kipande cha njano. Mtoto akalia, akainuka, na hakusema samahani.

Hatua ya 10: Kufunga

Panga mwisho mapema, vipindi nane au kumi, na utaje namba iliyobaki kila wiki, kwa sababu mwisho wa ghafla unawaumiza sana hawa. Kipindi cha mwisho kusiwe na zoezi jipya. Kila mtu anafungua bahasha yake na kuamua karatasi kwa karatasi: inaenda nyumbani, inachanwa, au inabaki kwako. Kuchana ni sawa, wekea boksi la kuchania kabisa. Usipige picha kazi yoyote wala kuweka mtandaoni bila ruhusa ya kila picha, ruhusa ya mwezi uliopita haihesabiki, na kama alichora akiwa amezidiwa muulize tena akiwa ametulia. Za wasiofika siku hiyo wapelekee wewe mwenyewe, kwenye bahasha imefungwa.